Uvimbe Uliovuka Mstari

...na marinda ya nyuma ndiyo yanayosumbua siku zote, ukinyoosha moja, la jirani linajikunja, mke wake alikuwa akiyabana kwa vibanio vya nguo kabla ya kupitisha pasi na yeye akimcheka kwa hilo, leo vibanio hivyohivyo amevishika mdomoni na sketi ya shule ya binti yao iko mezani, na nyuma yake shemeji yake, mdogo wa marehemu, ameketi kwenye kochi anamsuka mtoto aliyekaa sakafuni katikati ya magoti yake, tulia basi, kichwa hakitulii kama kimewekewa springi, unanivuta mama mdogo, nisipovuta kesho utasema nimekusuka ovyo, na redio inasema kitu kuhusu mvua za wiki ijayo... kisha ukaja ule mlio, kucha juu ya soksi, kra, kra, kra, na mkono wake ukasimama juu ya rinda. "Acha kujikuna," akasema shemeji, "mbu tu huyo," akacheka, "umerithi damu tamu ya mama yako, hawa wadudu wanakujua kwa jina." Damu tamu. Mzaha wa nyumba hii, na yeye ndiye aliyeuanzisha, mbele ya wageni, mimi nikilala na mke wangu sihitaji chandarua, mbu wote wanahamia kwake, na mke wake akijibu bila kuinua macho, wewe walikuonja wakatema, na watu wakicheka mpaka wanashika mbavu, na mkono wa mkewe muda wote uko juu ya paja, pale palipovimba. Mwanzoni kilikuwa kipele kama cha mtu yeyote, kisha uvimbe wa ukubwa wa yai, wa moto, kisha lengelenge la maji, kisha doa jeusi na kidonda kisichotaka kufunga, na homa ikija nyuma yake, na yeye, mhandisi wa majengo, mtu wa shahada mbili, alifanya nini... alipambana na mbu. Alitia wavu kila dirisha, akaziba kwa saruji matundu ya mabomba, akafunika tangi, akafyeka majani mpaka kwa jirani, jioni akazunguka vyumba na tochi na kandambili, na kila aliyemponda ukutani alimwita mkewe aje aone, huyu hapa mbaya wako, na mkewe alikuja, alisimama akiegemea mlango, akasema ahsante. Na kazini, miezi hiyohiyo, alimgombeza fundi aliyepiga lipu juu ya ufa, ufa haukuanzia hapo bwana, shuka chini kaangalie msingi, alisema hivyo, kwa sauti, mbele ya vibarua wote, kisha akarudi nyumbani kuziba madirisha. Hata ile kawaida ya kazini, kuchora mstari pale ufa unapoishia ili siku ya pili ujue kama umesogea, aliileta nyumbani, akachukua kalamu ya buluu akazungusha duara kwenye paja la mkewe, naye akasema, haya, sasa mimi ni ukuta, na asubuhi uvimbe ulikuwa umepita duara, na yeye akachora duara kubwa zaidi. "Mbu hakumpa ugonjwa," alisema daktari wa damu, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, "damu ilikuwa imeshaanza kuharibika, ndiyo maana mwili ulimjibu mbu kwa nguvu kiasi kile, kwa wengine hiyo huwa dalili ya kwanza, ilianza lini?" na yeye akajibu, mwaka jana, na daktari akatazama meza. Yeye hakumwambia mtu maneno hayo. Shemeji hajui, na kwa sababu hajui anaweza kukaa hapo akacheka... Lakini ugonjwa ule haurithiwi, alimuuliza daktari akamjibu hivyo, na watoto wengi huvimba wakiumwa na mbu na hawana kitu, huo ni ukweli, si kujifariji, na kesho ana mtihani wa hesabu, mtoto ameusomea, akimaliza mitihani yote ndipo apimwe, au mapumziko yakianza, na ule wavu wa jikoni umechanika pembeni, kipande cha mita moja kwa nusu kitatosha, na misumari midogo anayo... akajikuta tayari amekipima kwa macho, na vibanio vikamlegea mdomoni. "Kinawasha," mtoto akasema, akaishusha soksi. Soksi ndani ya nyumba, kwenye joto hili, na yeye siku zote hizi akimsifu, vizuri mama, jikinge. Akageuka. Uvimbe ulikuwa mwekundu, unang'aa, umeota lengelenge katikati, na ndani yake, umezungukwa pande zote, mstari wa kalamu ya buluu uliopinda kama uliochorwa na mtu aliyeinama. "Nani kakuchora?" "Mimi." "Lini?" "Jana. Hili duara la tatu, yale mengine niliyatoa kwa sabuni." Vidole vya shemeji vikasimama kwenye nywele. "Kwa nini hukuniambia?" yeye akauliza, na mtoto akainua bega moja, vilevile kama mama yake alivyokuwa akiinua lake, akasema, "Ungeanza tena kuziba madirisha." Redio imehamia kwenye mpira. Basi aliona, alikuwa mdogo na aliona yote, saruji, tochi, kandambili, mama yake akiegemea mlango, na kutokana na yote hayo akajifunza kwamba ukimwambia baba anakwenda kutafuta misumari... "Shemeji, pasi hiyo," shemeji akasema taratibu, na yeye akaiinua, kitambaa hakikuungua, akalivuta rinda linalofuata, akalibana, akalinyoosha.

Asubuhi hawakwenda shule, walikwenda hospitali. Daktari wa zamu aliutazama mguu, akasema msimu huu mbu ni wengi, ampake dawa ya kupunguza muwasho. Yeye akasema ndiyo, ni wengi, mpime damu. Daktari akasema si lazima. Yeye akamwambia mama wa mtoto huyu alikufa kwa nini, na ilivyoanza, akayasema yote mtoto akisikia, kisha akavuta kiti akaketi, na binti yake, bila kuambiwa, akaanza kukunja mkono wa sweta.