Kiziwi Halitoki Getini

Waliliita Kiziwi kwa sababu ukiliambia simama, halisikii. Lilikuwa trekta la kuvuta mizigo ya abiria pale kiwanja cha ndege, na breki zake zilikufa zamani. Wapakiaji walikuwa na dawa yao: dereva akiikaribia ndege anaachia pedali ya mafuta mapema, mwenzake anakimbia kando na kusukumia kigogo cha mbao chini ya gurudumu. Walizoea hivyo mpaka ikawa ndiyo kazi yenyewe, na mgeni akishangaa wanamcheka.

Siku ya msiba mwenzake wa kigogo alikuwa mgonjwa. Dereva akaruka mwenyewe kukiweka, akateleza, na Kiziwi likambana kwenye tela lililosimama mbele yake, akafa pale pale. Dada yake aliyaona yote. Yeye naye aliendesha trekta pale pale, na kwa jinsi alivyokuwa hodari wa kukaripia watu, kazini walimwita Shangazi.

Mkaguzi wa magari alifika, akalizunguka Kiziwi huku ameshika kalamu.

"Lina namba?"

"Halina," alisema msimamizi.

"Huwa linatoka barabarani?"

"Hata siku moja."

Mkaguzi akarudisha kalamu mfukoni. "Basi kisheria hili si gari, ni mtambo. Mimi naishia getini. Lingekuwa barabarani ningelikamata sasa hivi, na lisingetembea tena."

Shangazi akawafuata wakaguzi wa kiwanja. Wakamwambia wao ni wa ndege, mambo ya breki awaulize watu wa barabarani. Akaondoka bila hata kuwatukana, na kwake hilo lilikuwa jambo geni.

Matanga yalipokwisha, mke wa marehemu alimjia na habari njema. "Wifi, wamenipa nafasi ya mume wangu. Naanza Jumatatu."

"Kwenye trekta gani?"

"Lile lile. Wanasema ndilo lililo wazi."

Shangazi alienda kusema na msimamizi, akamsihi mpaka sauti ikamkauka. Msimamizi akamjibu kwamba Kiziwi limeoshwa vizuri na hakuna sheria iliyovunjwa. Mdogo wake alikuwa ameoshwa pia, akazikwa, na mjane wake alikuwa anasubiri zamu. Hapo ndipo maneno ya mkaguzi yalipomrudia: lingekuwa barabarani.

Jumapili asubuhi alipanda Kiziwi. Lori la takataka lilipofunguliwa geti, yeye alikuwa nyuma yake, na mlinzi akampungia mkono kwa mazoea. Barabara ilikuwa na mteremko. Magari yalimpigia honi, watu wakacheka kuona trekta la mizigo mjini, na yeye akaushika usukani kwa mikono yote miwili, kwa maana hakuwa na mtu wa kigogo. Akaliingiza mtaroni makusudi, karibu na askari wa barabarani. Mkaguzi aliitwa, na alikuwa yule yule.

"Haya, leo ni gari?" Shangazi alimuuliza, damu ikimchuruzika puani.

"Leo ni gari, mama. Halina namba, halina breki. Nani alikuwa analiendesha?"

Wazee walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Siku ile msumeno ulimkata yeye, na Kiziwi halikuguswa. Msimamizi alikuja na barua kwamba ule ni mtambo wa kiwanja, umeibwa na mfanyakazi. Wakalivuta hadi getini, na lilipovuka geti likaacha kuwa gari.

Jumatatu alfajiri wifi yake alipita kituo cha polisi kumletea chai. Alikuwa amevaa koti la kazi la marehemu, mikono ya koti imekunjwa maana ilikuwa mirefu.

"Wamelirudisha?" Shangazi aliuliza kupitia nondo.

"Wamelirudisha."

"Usilipande, wifi yangu."

"Watoto watakula nini? Na wewe uko humu."

Shangazi alilia, kisha akajifuta kwa kiganja. "Basi nisikilize. Usishuke kuweka kigogo, hata kama uko peke yako. Likikataa kusimama, kaa hapo hapo juu, liache ligonge ndege."

"Ndege, wifi?"

"Ndege. Hiyo ina watu wa kuiulizia."

Wifi yake alichukua kikombe, akakifuta kwa pindo la koti. Akasema anachelewa.