Shahidi wa Mzee Asukile

Mimi sipendi watu wanaonong'ona, na wale wageni wawili walianza kunong'ona tangu waliposhuka kwenye lori la Mbeya. Mzee, aliyekuwa na mguu mmoja na mkongojo, aliniita pembeni akasema, "Mwanangu, huyu mwanamke mpe chumba cha nyuma. Mlango wake usielekeane na wangu." Mwanamke naye alikuwa amejitanda kanga mpaka puani, kanipa mgongo kama mtu anayekwepa mdai. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mzee akitaka kutoka nje, naomba unigongee ukuta kwanza."

Nikasema moyoni, Waridi, leo umeletewa vituko. Nilikuwa na hoteli yangu pale Iringa mjini karibu na wanaposimama malori, vyumba vitatu na jiko la uani. Babu yangu alitoka Bagamoyo akaja kufia huku kwenye baridi, na sisi wajukuu wa watu wa pwani tuna ubaya wetu mmoja: tusichokijua tunakiita ushamba. Nikamfuata yule mwanamke jikoni, nikamuuliza huyo mzee amemkosea nini.

"Hajanikosea kitu, mama," akasema. "Ni baba mkwe wangu."

Jina lake Damari. Wao ni Wanyakyusa, wanalima milimani huko ng'ambo ya Mbalizi, ni Wakristo wa kwenda kanisani kila Jumapili. Lakini mila ya mkwe walikuwa bado wanaishika. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Hatamki jina lake. Akisikia kikohozi chake njiani anaingia migombani mpaka mzee apite. Chakula anakipika yeye, anakipeleka mwingine. Damari aliposwa akiwa mtoto mdogo kabla ya vita, na tangu hapo mila ilimshika. Mumewe, Anyitike, alikuwa kwenye machimbo ya shaba huko Kopabelti. Kwa hiyo yeye ndiye aliyemlea mzee miaka yote, akampikia, akamfulia, akamwekea kuni, na hata siku moja hakuwahi kumwona uso.

"Sasa mmesafirije lori moja?" nikauliza.

"Yeye mbele kwa dereva. Mimi nyuma juu ya magunia, nimetazama tulikotoka."

Basi nikacheka, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka. Akanipa sahani ya ugali na maharage nimpelekee mzee wake, akakumbusha kwamba mzee hapendi chumvi nyingi.

Walichokuja kutafuta ni mguu. Mzee Asukile alikuwa keya, askari wa Mwingereza, alipigana na Wajapani huko Bama na mguu wake wa kushoto ukabaki huko. Hospitali ya jeshi Nairobi ilimpa wa mti. Kitanda cha jirani alilala askari mwingine, Msangu kwa kabila, aliyeumia jicho, na siku ya kuwaachisha jeshi makarani wakachanganya habari zao. Cheti cha mzee kikatoka na jina lake mwenyewe, lakini kabila la mwenzake, kovu la mwenzake, jicho bovu la mwenzake na miguu miwili mizima. Mzee hakujua kusoma. Alikikunja, akakitia kwenye kopo la bati, akarudi kwao. Miaka ikapita, ule mguu wa mti ukapasuka na mchwa wakaumaliza. Alipoomba mwingine akaulizwa: wewe ni nani? Mwenye cheti hiki ana miguu yote.

Sasa mwaka ule wa hamsini na tatu alikuja Iringa kapteni mmoja wa jeshi kusikiliza malalamiko ya maaskari wa zamani na kusahihisha vyeti vyao. Alitaka shahidi wa kwao, anayemjua mtu tangu kabla ya vita. Mzee alikuwa naye, jirani yake Yotamu, aliyeingia naye jeshini. Lakini lori lilipokwenda kupakia mpunga Ubaruku, Yotamu akashikwa na homa ya kutetemeka, wakamwacha kwa watu. Damari alikuja safarini kwa kupika tu.

Edmund, karani mkalimani wa kapteni, alikuwa anakula kwangu. Jioni ile nilimweleza habari ya mzee, naye akaenda kuzungumza naye barazani.

"Kesho ndiyo mwisho, mzee," akamwambia. "Adhuhuri kapteni anaondoka kwenda Songea, na kutoka huko anarudi Nairobi. Asiyesahihishiwa kesho, atabaki alivyoandikwa. Huna mtu mwingine? Huyo mama mliyekuja naye je?"

"Hapana," akasema mzee.

"Hakujui?"

"Ni mkwe wangu. Hapana."

Damari alikuwa nyuma ya ukuta, kasikia yote. Akaniita jikoni, akaniambia nimwambie mzee kwamba atakwenda. Nikaenda. Mzee akasema nimwambie akae atulie, mguu si kitu. Nikarudi. Nikawa mimi mjumbe wa watu wawili waliotenganishwa na ukuta wa udongo, naenda, narudi, mpaka uzalendo ukanishinda.

"Wewe mwanamke," nikamwambia Damari, "si unasema ni mwiko?"

"Ni mwiko. Mchungaji wetu anasema si dhambi. Lakini mama mkwe, marehemu, alinikanya nikimtazama huyo nitafungika uzazi. Nina mtoto mmoja, mama. Namtaka wa pili, namtaka sana." Akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Lakini alfajiri namsikia. Mkongojo unateleza kwenye tope, anauacha, anatambaa kwenda chooni. Mtu mzima, amepigana vita, anatambaa kwa magoti na mimi nimejificha nyuma ya nyumba nasikiliza. Siwezi kutoka kumwinua. Kama kuna siku ninaweza kumsaidia, ni kesho."

Hayo nikampelekea mzee, kasoro ya mtoto, maana hayo ya wanawake hayamhusu. Uji ukapoa mbele yake. Halafu akasema, "Mwambie ndaga." Yaani asante.

Asubuhi tukapanda bomani, mzee mbele na mkongojo wake, Damari na mimi nyuma kabisa. Huko tukakuta kapteni ana hasira zake. Kumbe siku chache nyuma alikamatwa mtu mmoja anayeuza ushahidi, amewatambua maaskari watatu tofauti kama kaka zake wa tumbo moja. Tangu hapo kapteni hamwamini mtu. Aliwaketisha wazee watano kwenye benchi ndefu, Asukile kati yao, akawafunika mablanketi kutoka kiunoni mpaka chini ili miguu isionekane, na mikongojo ikaondolewa. Kisha akamwambia Edmund awaambie: hakuna kusema, hakuna kukohoa, hakuna ishara.

Damari aliposikia hakuna kukohoa, akanishika mkono. Mimi sikuelewa. Nilidhani ni woga tu.

Tukaingizwa. Yeye kainamisha kichwa, anatazama sakafu.

"Jina la baba mkwe wako," akasema Edmund.

Damari akaishika kanga, akaibana mdomoni.

"Mama, bila jina hatuendelei."

Akalisema. Alilisema kwa sauti ya chini mno hata Edmund akamwomba arudie, akarudia, na safari hii tulilisikia wote. Asukile. Nikamwona mzee pale kwenye benchi amefumba macho. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kulisikia jina lake kwenye kinywa kile, na sasa linatamkwa mbele ya Mzungu na watu asiowajua.

"Sasa mwoneshe bwana kapteni, ni yupi."

Damari akashusha kanga. Akainua uso. Ndipo nilipoelewa. Lahaula! Huyu hamjui! Sisi wote tulikuwa tumeshika habari ya mwiko, ataweza, hataweza, na hakuna hata mmoja, si mimi, si Edmund, si mzee mwenyewe, aliyekumbuka kwamba mtu asiyetazamwa hajulikani. Damari alikuwa anajua kikohozi chake, mwendo wake, harufu ya tumbaku yake, chumvi yake. Uso hakuwa nao.

Akaanza upande mmoja, akawapitia taratibu, mmoja mmoja. Wazee wengine walimtazama. Asukile peke yake aligeuza uso pembeni, kwa adabu, jinsi mkwe anavyotakiwa kufanya. Macho ya Damari yakafika kwake, yakasimama kidogo, yakapita. Yakaenda mpaka kwa yule wa mwisho, Mhehe mmoja wa Kalenga, mrefu, kidevu kimechongoka. Hapo uso wa Damari ukapata nuru.

"Ni huyu," akasema, na akanyoosha mkono.

Hakuna aliyecheka. Yule Mhehe maskini alitazama chini, kaona aibu kana kwamba kosa ni lake. Kapteni akafunga faili, akasema maneno mawili kwa Kiingereza. Mzee Asukile akaomba mkongojo wake, akasimama. Damari akamwona anasimama na mguu mmoja, akajua.

Mimi nina mdomo, wala sikuuacha nyumbani. Nilimwambia Edmund atafsiri kila neno: huko kumkosa ndio ushahidi wenyewe! Angekuwa wa kununuliwa angeshaoneshwa mtu wake tangu jana. Ni mkwe wa kweli tu anayeweza kukaa na mtu uani na asiujue uso wake. Kapteni alinisikiliza mpaka mwisho, hakuwa mtu mbaya. Akajibu, na Edmund akatafsiri huku ananitazama kwa huruma.

"Anasema huenda ni kweli. Lakini huenda pia ni uongo uliotungwa vizuri sana, naye hana namna ya kuutenga huu na ule."

"Basi ampange tena!"

"Ampange vipi, dada Waridi? Sasa ameshamwona."

Njiani kurudi Damari alitembea kanga ikiwa begani, hakujali kujifunika. "Nilitafuta uso wa mume wangu," akaniambia. "Nilisema baba na mwana lazima wanafanana. Yule ana kidevu cha Anyitike, ana pua yake. Kumbe Anyitike alifuata kwa mama yake." Akalia barabarani mchana kweupe, watu wanatazama. "Nimeuvunja mwiko, mama, na mguu sikuuleta."

Nikatembea upande wake wa barabara, nikamkinga na macho ya watu.

Lori la kurudi lilikuwa linapakia saa ya alasiri. Mzee alikuwa ameshapandishwa mbele kwa dereva, Damari yuko nyuma juu ya magunia. Nilipokwenda kumuaga mzee, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, kamwambie huyo sina kinyongo. Nimeishi vizuri na mkwe wangu, na leo wamelijua hilo hata watu wa boma."

Nikazunguka nyuma ya lori, nikamwambia Damari. Alikuwa amejitanda tena mpaka puani. Akafikiri.

"Mwambie nami nasikitika," akasema. "Sisikitiki kwa kumtazama. Nasikitika nilimtazama nikampita."

Nikarudi mbele na maneno hayo. Dereva ameshawasha moto, utingo anapiga bodi. Nilipomfikishia mzee, akatikisa kichwa sana, akataka kugeuka atazame nyuma, akajizuia.

"Mwambie," akasema, "mimi nami ni hivyo hivyo. Leo bomani nilitazama ukuta. Wangewapanga wanawake kwenye benchi wakaniambia nimchague Damari, anayenilisha, ningempita. Kamwambie upesi."

Nikakimbia, na mimi si mtu wa kukimbia. Lori likaondoka. "Damari!" nikaita. "Mzee anasema naye angekupita!" Akaniona namwita, akaweka kiganja sikioni, akainama juu ya magunia asikie. Nikapiga kelele tena, nikarudia tena, mngurumo umejaa barabara yote. Akatikisa kichwa kwamba hasikii, akanipungia mkono, lori likashika mteremko wa kutoka mjini.

Kwao hapakuwa na mtu mzima wa kupeleka maneno kati yao, ila yule mtoto mdogo wa Damari wa kubeba sahani, na neno kama lile hatumwi mtoto. Nilisimama pale mpaka vumbi likatua, ndipo nikarudi kuosha vyombo vyao.