Gari Lisiloingia Maji

Hamdun alikuwa fundi wa mashua Matondoni, na kuhusu magari alijua jambo moja tu: kwamba alilipenda moja. Lilikuwa gari kuukuu la wazi lililotupwa Mokowe, ng'ambo ya maji, bodi lake la mbao limeliwa na mchwa. Alilihangaikia mpaka mkewe Khairiya akarudi kwao, akaapa hatarejea kabla hajaliona likienda.

Siku lilipowaka, Khairiya alivuka na mamake, Bi Hindu. Hamdun, kanzu imepigwa pasi, akanyoosha mkono kumfungulia mkewe mlango. Haukufunguka. Akazunguka upande wa pili, nako vilevile. Ndipo alipokumbuka: kila ufa aliouona aliuziba kwa pamba na mafuta ya papa, akaugonga kwa nyundo, kama mkono wake ulivyozoea kwenye mashua. Na milango, masikini, nayo ilikuwa na nyufa.

"Bwana Hamdun," Bi Hindu akauliza, "uliogopa gari liingie maji kwa ndia gani?"

"Haliingii hata tone, mama," akajibu kwa fahari, kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Akacheka mpaka akashika ubavu. Fundi mzima, kaunda sanduku lenye magurudumu!

Khairiya hakucheka. Alikunja buibui, akashika ukingo, akapanda ubavuni kama apandavyo mashua, akaketi.

"Mama, nipe furushi langu la nguo," akasema. "Nawe, mume wangu, ruka uendeshe. Lanuka papa."

Hamdun akaruka, akaanguka kichwa mbele miguuni pa mkewe, naye akasogea kumpisha kwenye usukani.