Fumbo la Kumi na Saba

Farasi wa mninga alikuwa bado hewani, katikati ya vidole vya Anastazia, honi zilipolia na foleni ya malori ikaanza kusogea kuelekea mpakani.

"Mchezo umekufa, Mama Leah," Idrisa alimwambia. Alikumba kete na ubao kifuani, akaparamia lori lake.

Ndiyo kanuni ya madereva wanaosubiri Tunduma: foleni ikisogea, mchezo haukuchezwa.

Ubao ule wa sataranji aliuchonga Manase, mume wa Anastazia, kisha akauweka dau kwa kiburi cha siku moja, Idrisa akaondoka nao. Masika yaliyofuata Manase alikufa akiuliza kama Idrisa amepita. Aliacha daftari la mafumbo arobaini ya mchezo huo, kila ukurasa fumbo moja. Anastazia aliyapanga kwa vizibo vya soda juu ya boksi alilolichora miraba, huku chai yake ya biashara ikichemka. Alipomaliza la arobaini alirudi la kwanza. Mzunguko wa tatu alikuwa bado anakosea. Mzunguko wa tisa macho yakaanza kuitangulia akili, kama mkono unavyoijua chumvi bila kuipima.

Asubuhi hiyo alimwomba Idrisa mchezo mmoja.

"Ukishinda, ubao wako," Idrisa alicheka. "Ukishindwa, nakunywa chai ya bure mpaka nistaafu. Lakini sataranji si kukoroga sukari, mama."

Eliakim, dereva wa lori la nyuma, hakucheka. Alimviringishia Anastazia gurudumu kuukuu akalie.

Kufikia adhuhuri fumbo la kumi na saba lilikuwa limejileta lenyewe ubaoni: mfalme wa Idrisa aliyezingirwa na watu wake mwenyewe, asiye na pa kukimbilia, na farasi pekee awezaye kuruka ukuta. Anastazia aliliona mapema. Sasa alitambua kwamba Idrisa naye aliliona, maana kabla ya honi alikuwa ameshaacha kuutazama ubao. Aliitazama barabara kama mkulima anayeomba mvua.

Foleni ilisogea urefu wa lori moja, ikasimama. Injini zikazimwa.

"Idrisa, shuka!" Eliakim alipaza sauti dirishani. "Ilibaki hatua moja tu!"

"Kanuni ni kanuni."

"Kanuni umeikuta. Na aibu je, umeiacha wapi?"

Idrisa alipandisha kioo. Anastazia alijaza kikombe, akafunika kwa kisahani vumbi lisiingie, akatembea taratibu hadi kwenye lori. Kioo kilishuka nusu. Ubao ulikuwa kitini, kete zimelala ovyo kama waliopigwa na radi.

"Shikamoo, mama," Idrisa alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba."

Idrisa alinyoosha mkono, kiganja wazi, kupokea farasi aliyebaki.

Anastazia alimpa chai. Mkono wake mwingine ulibaki ndani ya kanga, umefumbwa.

"Kunywa, baba," alisema. "Itapoa."