Walimuuliza Projest

Nilikuwa macho waliponifunga kizazi. Sindano ya mgongo ilikuwa imeua miguu na kiuno, si masikio. Nilisikia vyuma vikigongana kwenye sinia. Nilimsikia daktari akisema mfuko wa uzazi umechanika vibaya, kisha akaongea Kiingereza na mwenzake, akavua glovu, akatoka. Aliporudi aliniambia, "Vumilia mama, tunamalizia."

Nikamshukuru.

Mtoto wetu wa pili, wa kiume, alikuwa ameshafia tumboni. Nilirudi nyumbani Mkuyuni na kovu, na maziwa yaliyojaa bila wa kuyanyonya. Binti yetu Annet alikuwa bado chekechea.

Akafika darasa la sita sijashika mimba nyingine. Mama mkwe wangu, Ma Teodora, alikuwa akija kwa meli kutoka Bukoba na chupa za mizizi aliyoichemsha mwenyewe. Dawa ile ilinitoa machozi kwa uchungu, naye alisimama mlangoni mpaka nimalize. "Huwezi kuzeeka na mtoto mmoja," alimwambia mume wangu Projest mbele yangu, kana kwamba sipo. Projest aliinamia sahani yake, akaendelea kula. Nilidhani ananihurumia. Jioni nilipopiga magoti kusali novena ya kuomba mtoto, alipiga magoti kando yangu na kuitikia kila sala.

Kisha nikasikia kwamba amezaa na mwanamke wa Kirumba. Sikupiga kelele. Mwanamke aliyeshindwa kuzaa apige kelele kwa haki gani? Ndivyo nilivyojiuliza, na neno nililolitumia ni hilo hilo, haki.

Jirani yangu Fadhila ndiye aliyenivuta hadi kliniki moja ya binafsi mjini. Wakapitisha dawa kwenye mirija ya uzazi, wakapiga picha. Daktari, dada kijana aitwaye Mwanabaraka, aliitazama picha, akanitazama mimi.

"Mama, wewe si ulifungwa kizazi?"

"Hapana."

Aliigeuza picha nione. Hakurudia swali.

Nilimkuta Projest uani anaosha pikipiki. Nikamwambia nilikotoka na nilichoonyeshwa. Mpira wa maji ulimponyoka, maji yakawa yanamwagika miguuni pake.

"Daktari alinifuata nje," alisema. "Alisema mimba nyingine itakuua. Ningemjibu nini?"

"Ungemwambia aniulize."

"Ulikuwa umefiwa, Prudencia. Nilisubiri upoe."

"Na mizizi ya mama yako? Miaka yote ile nakunywa, unaniangalia?"

"Mama ningemwambiaje?"

Alisema hivyo kwa dhati. Nadhani hata leo haoni kwa nini sentensi ile ndiyo iliyonitoa kwake.

Nilihamia Mirongo na Annet, chumba kimoja, nikaanza kuuza ndizi za Bukoba. Ma Teodora alipopata habari alinipigia simu akilia. "Kumbe hukuwa tasa, mwanangu," alisema, kama mtu aliyeniletea zawadi.

Baada ya hapo nilikwenda kumwona yule daktari aliyenipasua. Nilipanga foleni kama wengine. Hakunikumbuka. Nilipomwonyesha kovu, akalikumbuka kovu.

"Sasa hivi ungekuwa marehemu," alisema, bila ukali wowote. "Na mumeo aliridhia."

"Mimi nilikuwa pale pale mezani, daktari. Ulikuwa unaongea na mimi."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. "Ungekataa?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. Nilikuwa nimeibeba ndiyo hiyo tangu Mirongo. Lakini nilikuwa nimechanika, maiti ya mwanangu ikiwa imefungwa kwenye kitenge changu, na Annet yuko nyumbani ananisubiri. Pengine ningelia, kisha ningekubali. Pengine ningesema niacheni nijaribu tena.

"Sijui," nilimwambia. "Na sasa sitajua."

Alivaa tena miwani. Akaniambia nimshukuru Mungu kwa uhai, nami nikasimama, maana alikuwa ameshaanza kutazama mlango. Akaita anayefuata.

Aliingia mama mjamzito na mumewe. Mume akakaa kwenye kiti nilichokiacha. Mkewe akabaki amesimama, mkono kiunoni, anahema.

"Karibuni," daktari alisema, akimtazama mwanamume. "Mama anasumbuliwa na nini?"