Ukuta Unaoegemea

Kila mvua ilipokatika, mama aliomba bakuli lake. Lilikuwa bakuli la bati lililobonyea ubavuni, na kazi yake ilikuwa moja tu: kukingia maji kwenye mfereji ulioshuka kutoka shambani hadi nyuma ya jiko. Macho ya mama yalikuwa yamekwisha kitambo, lakini vidole vyake vilikuwa na akili zao. Aliyaacha maji yatulie, akazamisha mkono hadi chini, akapapasa tope, kisha akatoa habari kama mtu anayeeleza safari ya jirani. Leo limeondoka sana. Au, leo limeondoka kidogo. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni nini kilichoondoka. Ni shamba.

Binti yake alikuwa fundi mwashi, na watu walimwita Timazi, kwa kile chuma chenye uzi ambacho waashi hukining'iniza kupimia kama ukuta umesimama wima. Jina lilimkaa. Alitembea wima, alisema wima, na tangu mumewe alipomwacha hakumwegemea mtu. Chini ya shamba la mama alikuwa amejenga kuta mbili za kuzuia udongo, za mawe na saruji, zimenyooka na kuzibwa hata sisimizi asipate pa kupenya. Watu walikuja kuzishangaa. Ya kwanza ilibwagwa na mvua, na mwaka uliofuata ya pili nayo ikalala chali, na udongo ukateremkia mtoni. Aibu ilimla Timazi mpaka akawa hapiti njia ya huko mchana.

Mdogo wake alikuwa mfyatua matofali, mtu wa utani na viganja vipana. Hakuwa na roho mbaya. Aliona tu kwamba kuliko udongo mzuri kwenda kuunenepesha mto, afadhali autie kwenye kalibu, auchome, uwe nyumba za watu, na mama ahamie kwake. Wakakata shauri: ukuta wa tatu ukianguka, shamba litafyatuliwa matofali. Mama alisema sawa, akageukia ukutani asionekane uso. Ila aliomba kitu kimoja. Kabla ya kujenga, waende wote wawili ng'ambo ya mlima wakayatazame mashamba ya kale, alikokuwa akikata majani ya ng'ombe usichanani. Nani aliyalima, hakuna aliyekumbuka.

"Mkono ulizama udongoni mpaka hapa," alisema, akigusa kiwiko. "Na hapakuwa na mtu wa kuulinda."

Basi wakaenda. Ukungu uliwapokea mgongoni mwa mlima, na walipoanza kushuka upande wa pili hawakuona kitu ila miguu yao. Kisha ukungu ukafunguka kidogo kidogo, na mlima mzima ukawa ngazi. Ngazi za nyasi, moja chini ya nyingine, kila moja imeshikwa na ukuta mfupi wa mawe yenye kuvu, zikishuka hadi pasipoonekana mwisho. Walitembea ngazi hadi ngazi kama watu walioingia nyumba ya mwenyewe bila kupiga hodi. Mara kwa mara Timazi aliona kana kwamba kuna mtu amesimama mbele akipumzikia mpini wa jembe, na wakikaribia huwa ni kichaka. Hakuogopa. Aliona haya tu, kama mgeni aliyekuja mikono mitupu.

Mfyatua matofali alichimba kwa kidole, kisha kwa mkono. Ulizama mpaka kiwiko. Akautoa mweusi, akaunusa, akautazama muda mrefu, na dada yake akajua kwamba hapo hakuwa akihesabu matofali.

Manyunyu yalipoanza walijibanza chini ya mti uliomea kando ya ukuta mmoja. Timazi aliegemeza mgongo kwenye mawe, apumzike kidogo tu, na usingizi ukamchukua bila kubisha. Aliota kuwa mlima una pumzi, na unampumulia shingoni. Alipoamka shingo yake ilikuwa imelowa kweli. Tone lilitoka kati ya jiwe na jiwe, likafuatwa na jingine, nayo yalikuwa maji meupe yasiyo na tope. Akakaa akijiuliza mbona amelala vizuri hivyo. Hakuna mtu anayelala fofofo kwenye ukuta. Ukuta wima humsukuma mtu mbele, kichwa kikaangukia kifuani.

Akatoa timazi kwenye mfuko, akasimama, akaliteremsha polepole mpaka chuma kikagusa jiwe la chini kabisa. Huku juu, uzi ulikuwa mbali na ukuta kwa shubiri nzima.

"Umepinda," alisema, akizitazama kuta za ngazi za chini. "Zote zimepinda. Zimeuegemea mlima."

Mdogo wake alikuwa ameinama, jicho moja kwenye upenyo wa mawe. Hamna saruji, alisema. Ndani kuna kokoto, na kokoto zina nafasi. Kisha akasema jambo lililomtoka kabla hajalifikiria: "Ni kama tanuri, dada. Sisi tukipanga matofali tunaacha nafasi moto upite. Ukiziba, tanuri linapasuka. Wewe uliyafungia maji ndani, yakatafuta mlango."

Alipomaliza alijishika mdomo. Amejipalia makaa mwenyewe, tena yeye aliyezoea makaa. Timazi alimtazama, akacheka mpaka machozi, na kicheko kikarudi kutoka ngazi za chini kana kwamba wenyewe wamesikia.

Ukuta wa tatu aliujenga bila saruji. Siku ya kwanza alishindwa. Mkono wake ulizoea kunyoosha, na kila jiwe aliloliweka likasimama wima kama askari. Ikabidi amwite mdogo wake akae chini, aegemeze mgongo ukutani, aseme kama anasikia raha. Akisikia raha, jiwe linabaki. Majirani walipita wakitikisa vichwa, wakisema fundi kaanza kuzeeka. Mfyatua matofali alisomba mawe na kokoto, akilalamika kwamba hajapata kuona mtu akiichimbia kaburi riziki yake mwenyewe namna hii, na hakuacha kusomba.

Mvua ilikuja kubwa, ikapiga tangu alfajiri. Ilipokatika, mama aliomba bakuli lake. Mwanawe wa kiume alikwenda kukinga mfereji, akarudi akilishika kwa mikono miwili. Timazi alisimama mlangoni, wima.

Maji yakatulia. Mama akazamisha mkono. Vidole vilishuka, vikagusa bati, vikazunguka, vikazunguka tena. Akauliza kama wamekinga pale pale.

"Pale pale, mama."

Akapapasa mara nyingine, taratibu, kama anayetafuta sindano. Kisha akautoa mkono, akaliinua bakuli kwa mikono yote miwili, akayanywa yale maji.

"Leo limelala nyumbani," alisema.

Timazi aliegemea bega la mdogo wake, akalia.