Simu ya Kanlubo

Mwanamke aliyeusukuma mlango wa chumba cha seva hakubisha hodi. Suruali yake ilikuwa imelowa maji ya chumvi mpaka magotini, na viatu vyake vya plastiki alivishika mkononi. Rodelyn alidhani amepotea njia.

"Wodi ya kujifungulia iko upande ule, Manang," alisema, akimwita dada mkubwa kwa heshima.

"Wodi naijua. Nimeleta watu humo kabla hujaota meno. Namtafuta fundi wa simu."

"Ndiye mimi."

Mgeni akamtazama juu mpaka chini. "Wewe? Kumbe anayetaka kutukatia simu ni mtoto kiasi hiki!"

Jina lake lilikuwa Panyang, mhudumu wa afya wa kisiwa cha Kanlubo. Kituoni kwake kulikuwa na simu moja, na kila alfajiri aliitumia kuwatajia wauguzi majina ya wajawazito waliokaribia siku zao. Asubuhi hiyo muuguzi mmoja alikuwa amemwambia aage kabisa, maana seva ya simu inang'olewa.

"Kanlubo?" Rodelyn aliuliza, huku vidole vyake tayari vikifungua orodha ya simu za hospitali. Haikuwemo.

Ripoti ya kupendekeza seva iondolewe aliiandika kwa wiki tatu, na aliiamini. Seva ya hospitali ilikuwa imezeeka, feni zake zikiliwa na hewa ya bahari, na ikizimika hakuna mwingine aliyejua kuiamsha. Simu za kupitia intaneti, ambazo mtambo wake ungetunzwa na kampuni huko Manila, zingempumzisha kila mtu. Simu zenyewe alizihesabu kama kila kitu kinavyohesabiwa hospitalini pale: alilifuata sinia la merienda, vitafunio vya saa tisa. Linapofika sinia pana mfanyakazi, na penye mfanyakazi pana simu. Akapata thelathini na moja. Nani angevusha bahari kupeleka keki za wali Kanlubo?

"Huko kwenu kuna intaneti, Manang?"

"Umeme wenyewe tunaupata kwa jua likipenda. Simu yetu inapita kwenye ile antena iliyo juu ya paa lenu. Kimbunga cha mwaka jana intaneti ya mkoa mzima ilikufa siku kumi na moja. Simu yangu haikufa. Mercy, mmoja wa wajawazito wangu, mtoto wake alitanguliza mkono, na daktari akanielekeza kwa simu neno kwa neno mpaka boti ikaja." Akaanza kuvaa viatu vyake. "Sasa kinatembea, kile kitoto. Kinauma watu."

Rodelyn hakuweza kucheka. Mkataba na kampuni ulikuwa unasainiwa saa nane, siku hiyohiyo. Seva ikiondoka, yeye angehamishiwa kitengo cha kumbukumbu, kwenye ajira ya kudumu. Kwa miaka minne alikuwa akiongezewa mkataba wa miezi sita sita. Mama yake alikuwa ameshaalika mtaa mzima kusherehekea Jumapili.

"Nitasema," alisema.

"Utasema nini?"

"Kwamba nilikosea kuhesabu. Nitamwambia mganga mkuu mwenyewe, kabla hajasaini."

"Fundi aliyekutangulia naye alikuwa mwepesi wa kuahidi."

"Nitasema, Manang."

"Haya. Mimi nawahi boti. Nina mmoja anayenisubiri, tumbo limeshuka."

Saa nane Dokta Amistoso, mganga mkuu, alimpokea kwa mikono miwili. "Binti yetu huyo! Kaa, kaa. Ripoti yako hata mimi imenishinda kuipinga." Mkataba ulikuwa mezani, na juu yake barua ya ajira yenye jina la Rodelyn. Kalamu ilikuwa wazi.

"Dok, haiwezekani tukawa na vyote viwili? Za intaneti, na seva ibaki?"

"Nina bajeti ya kimoja. Na fundi mmoja, ambaye leo anakuwa karani." Akacheka. "Una nini? Umepauka kama umeona mzimu."

Rodelyn alitamani mtu aingie, au simu iite. Alifikiria kuyasema kesho, au kuyaandika kwenye barua pepe, kwa upole. Kalamu ya daktari ikagusa karatasi.

"Usisaini, Dok. Nilikosea kuhesabu. Kituo cha Kanlubo kinategemea seva, na mimi sikukiandika. Tukiing'oa, wale akina mama hawatakuwa na wa kumpigia."

Daktari aliinua macho. "Umeligundua lini hili?"

"Asubuhi. Kosa ni langu."

"Unaelewa kwamba nafasi ya kumbukumbu ilitokana na mkataba huu? Sitaweza kuiombea tena mwaka huu."

"Naelewa."

"Mama yako anajua?"

"Bado, Dok."

Daktari alimtazama kama mtu anayempa nafasi ya kubadili neno. Rodelyn hakulibadili. Daktari akafunga kalamu, akaichukua ile barua, na kuirudisha kwenye droo.